Ripoti za shule kutoka kwenye hifadhidata: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Ripoti 400 zikitoka kwenye printa asubuhi moja, watu husema kompyuta ndiyo iliyoziandika. Kumbe kuna kiolezo kimoja tu chenye nafasi wazi za jina, darasa na alama. Programu huchukua mstari mmoja wa hifadhidata, huzijaza nafasi hizo, kisha huenda mstari unaofuata.

Dhana: Mashine haikosei.
Mwalimu akiteleza kwa kalamu, ameharibu ripoti moja. Kiolezo kikiwa na kosa, zimeharibika zote 400.

Dhana: Unachokiona kwenye Excel ndicho kitakachochapwa.
Word ikivuta data kutoka Excel, mara nyingi huchukua thamani iliyo chini ya sura. Wastani uliouona 67.3 hutoka 67.3333333333. Tarehe 1 Januari 2024 inaweza kutoka 45292, kwa sababu Excel huhifadhi tarehe kama hesabu ya siku. Simu ya mzazi iliyoingizwa kama tarakimu hupoteza sifuri ya mbele.

Dhana: Majina hayana shida.
Hapa ndipo ninapoumia. Chukua Ng'ang'a. Katika SQL, lugha ya kuiagiza hifadhidata, alama ile ya ng' ndiyo hufungua na kufunga maandishi, hivyo programu inayolipachika jina ndani ya amri hukwama papo hapo. Dawa yake ni kulipitisha jina kama kigezo, yaani thamani inayopelekwa kando ya amri. Tena apostrofi iliyopinda, ikihifadhiwa kwa UTF-8 na kusomwa kwa Windows-1252, namna mbili tofauti za kuhifadhi herufi kwenye kompyuta, hutoka hivi: Ng’ang’a. Niliwahi kumkabidhi mzazi ripoti ya namna hiyo. Alama za hesabu hata hakuzitazama, aliweka kidole juu ya jina akaniuliza, "Mwalimu, huyu ni nani?" Wapo wanaoifuta apostrofi ili kazi iishe, mtoto akawa Nganga. Hilo si jina lake.

Dhana: Ukisahihisha hifadhidata, ripoti nayo imesahihika.
PDF iliyokwisha kutolewa haibadiliki. Inabidi kuitoa upya, na chini ya kila ukurasa iwepo tarehe na saa, ili nakala mbili zikikutana mkononi mwa mzazi ijulikane ipi ni ya mwisho.

Dhana: Hakuna haja ya kuzisoma.
Kabla ya kuchapa zote, mimi huvuta chache na kuzisoma neno kwa neno: yenye jina refu kuliko yote, yenye ng', na ya mtoto aliyekosa mtihani kwa ugonjwa, asije akaandikiwa 0.