Je, wajua? Kwa nini mkanda wa gari humpanda tumboni mtoto wa miaka minane

Mtazame mtoto wa darasa la pili au la tatu aliyeketi kiti cha nyuma cha gari, mkanda umefungwa. Mara nyingi kipande cha chini kimemlalia karibu na kitovu, na cha juu kinamkwaruza shingo. Hata kabla gari lililotoka Tanga mjini halijafika Pongwe atakuwa ameupitisha chini ya kwapa au ameutupa nyuma ya mgongo. Wakubwa humwona mtukutu, kumbe anakimbia karaha ya mkanda uliotengenezwa kwa kipimo cha mtu mzima. Mzazi aliyemfunga amefanya jambo jema. Kilichobaki ni kuhakikisha mkanda unapita panapostahili, na hapo ndipo wengi tunapokosea.

Mkanda tunaoutumia leo, unaoshika kiuno na bega kwa pamoja, ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959. Kazi yake ni kuukamata mwili kwenye mifupa migumu: nyonga kwa chini, mtulinga (mfupa unaotoka chini ya shingo hadi begani) na mbavu kwa juu. Tumbo halimo kwenye hesabu hiyo.

Papasa kiunoni mwako kwa mbele, kushoto na kulia, utagusa ncha mbili za mfupa wa nyonga zilizochomoza. Mtu mzima akiketi sawasawa, mkanda hukaa chini ya ncha hizo na zenyewe huuzuia usipande. Kwa mtoto wa miaka 8 ncha hizo bado hazijakomaa. Nyonga yake ni ndogo na ukingo wake ni wa mviringo, kwa hiyo gari likisimama ghafla mkanda huteleza juu ya mfupa na kuzama tumboni.

Hesabu yake inatisha, lakini ni vizuri kuijua. Chukua mtoto wa kilo 25 katika gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa. Gari likigonga na mwili wake ukasimama ndani ya nusu mita, mkanda unabeba kwa wastani mzigo unaokaribia kilo 500. Mifupa ya nyonga inaweza kuupokea mzigo huo. Utumbo na pingili za mgongo wa chini haviwezi: utumbo hupasuka, na mwili unapojikunja kuuzunguka mkanda, pingili huvunjika. Ndiyo maana mtoto akitoka kwenye ajali akiwa na mchirizi mwekundu au wa bluu unaokata tumbo, apelekwe hospitali mara moja hata kama anatembea na kusema haumwi. Mlioko Tanga mjini, mkimbizeni Hospitali ya Bombo. Jeraha la utumbo linaweza kukaa saa kadhaa kabla ya kujionyesha.

Sababu ya pili iko kwenye kiti chenyewe. Kiti cha nyuma cha magari mengi kina kina cha kama sentimita 45 kutoka egemeo hadi ukingo wa mbele. Paja la mtoto wa miaka 8, kutoka makalio hadi nyuma ya goti, lina kama sentimita 35. Akiegemea vizuri, miguu yake hunyooka mbele kama vijiti na ukingo wa kiti humkata kwenye mashavu ya miguu. Hakuna anayeweza kukaa hivyo kutoka Tanga hadi Segera. Atajivuta mbele mpaka magoti yapate kukunjika, mgongo utapinda, nyonga italala kinyumenyume, na mkanda wa kiuno uliokuwa mahali pake utajikuta tumboni. Kumkaripia "kaa vizuri" hakusaidii, kwa kuwa kiti hakimruhusu.

Busta, yaani kiti cha kumnyanyulia mtoto aliyekwisha kukua kuliko kiti chenye mikanda yake mwenyewe, hutatua mambo yote mawili. Humpandisha ili mkanda wa bega uepuke shingo, na kwa kuwa ni fupi kuliko kiti cha gari, magoti yake hukunjika bila kujivuta. Ila sehemu yenye kazi kubwa kuliko zote ni ile wengi wasiyoijali: mikono miwili midogo ya pembeni, au kulabu, ambamo mkanda wa kiuno hupita kwa chini. Hiyo ndiyo inayouzuia mkanda usipande, ikifanya kazi ambayo mifupa ya mtoto bado haijaiweza.

Hapa ndipo mto wa kitandani, blanketi lililokunjwa au mafurushi ya khanga yanaposhindwa. Yanampandisha mtoto, ndiyo, na kwa macho mkanda unaonekana umekaa. Lakini gari likigonga mto hubonyea na kuteleza, mtoto hushuka na kwenda mbele kwa pamoja, na hakuna kinachoushika mkanda chini. Ni afadhali mtoto aketi moja kwa moja kwenye kiti cha gari kuliko juu ya mto.

Sasa jinsi ya kukagua. Weka busta iguse egemeo la kiti, kisha mtoto aketi makalio yakiwa nyuma kabisa. Begi la shule litoke mgongoni; begi lenye madaftari na chupa ya maji linaweza kumsogeza mbele kiasi cha kuharibu kila kitu kinachofuata. Vuta mkanda, hakikisha haujajisokota, kisha upitishe. Kwa busta nyingi zisizo na mgongo, upande wa kifungio vipande vyote viwili, cha kiuno na cha bega, hupita chini ya mkono wa busta. Upande wa mlango hupita cha kiuno peke yake. Picha zilizobandikwa ubavuni mwa busta huonyesha njia ya toleo hilo, nazo ndizo za kufuata. Funga mpaka usikie mlio, halafu uvute mkanda wa bega kwenda juu ili ulegevu wa kiunoni uishe.

Tazama chini kwanza. Mkanda wa kiuno uguse juu ya mapaja, pale paja linapokutana na tumbo, kama mshipi wa suruali iliyovaliwa chini. Ukiwa usawa wa kitovu, anza upya. Kisha tazama juu: mkanda wa bega ukate katikati ya kifua na katikati ya mtulinga. Ukigusa shingo, busta ni fupi au inahitaji kiongozi cha mkanda, yaani kibano kinachofungwa nyuma yake ili kuushika mkanda wa bega mahali pake. Ukiwa ukingoni mwa bega, utachomoka na kiwiliwili kitaponyoka. Mwambie mtoto ainame mbele na kurudi. Mkanda ufuate na ujivute wenyewe. Ukibaki umelegea, mara nyingi umekwama kwenye kiongozi hicho.

Mkanda wa bega uliopitishwa chini ya kwapa hubana mbavu laini zilizo juu ya ini na wengu. Uliowekwa nyuma ya mgongo humwacha na mkanda wa kiuno tu, na kichwa kitakwenda kugonga kiti cha mbele au magoti yake mwenyewe. Kuguswa shingo kidogo ni kero. Haya mawili ni hatari ya kweli. Mweleze mtoto tofauti hiyo kwa lugha yake, ataelewa.

Kuhusu aina, busta yenye mgongo ni bora kwa mtoto mdogo na kwa safari ndefu. Mtoto akisinzia kwenye kona za kupanda Lushoto kutoka Mombo, zile mbawa za pembeni humzuia asiporomoke nje ya mkanda. Isiyo na mgongo inahitaji gari lenye egemeo la kichwa linalofika angalau masikioni mwa mtoto. Viwango vipya vya Ulaya huidhinisha aina hii kwa watoto wa kuanzia sentimita 125. Kwenye busta iliyokwisha kutumika, tafuta lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara; itakuambia kama imepimwa kwa kilo 15 hadi 36 au kwa urefu wa sentimita 100 hadi 150. Yenye ufa, au iliyokuwamo kwenye gari lililopata ajali, usiichukue hata kwa bure.

Magari yetu yana mambo yake. Mengi huja yakiwa yametumika Japani, na yakifika huvishwa kava za viti ambazo huzika vifungio vya nyuma chini. Kabla ya kununua busta, toa kava, chomoa vifungio, uhesabu ni nafasi ngapi zina mkanda kamili. Vuta kila mkanda kwa nguvu ya ghafla, unatakiwa ukwame. Uachie, unatakiwa ujiviringishe wote. Katika magari mengi ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, nafasi ya kati kwa nyuma ina mkanda wa kiuno tu, na busta haifai kabisa hapo: mtoto aliyenyanyuliwa bila kushikwa bega hujikunja kwa nguvu zaidi na tumbo ndilo linalolipa. Nafasi hiyo mpe mtu mzima, watoto wakae pembeni. Na wakae nyuma, mpaka miaka 12 iishe, kwa sababu mfuko wa hewa wa mbele umepimwa kwa mwili wa mtu mzima.

Wanaokwenda kuogelea Raskazone au Pangani wajue kwamba mchanga huingia kwenye kifungio. Ulimi wa mkanda unaweza kutoa mlio bila kunasa sawasawa, kwa hiyo vuta baada ya kufunga. Mchanga upulizwe au ufyonzwe, usitie mafuta, kwani mafuta hukusanya vumbi zaidi. Mkanda wenyewe huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini. Dawa za kung'arishia nguo hudhoofisha nyuzi. Gari lililokaa juani, gusa kwanza chuma cha kifungio kabla hakijagusa paja la mtoto.

Milimani kuna tatizo jingine, nalo ni koti. Koti nene huacha nafasi kati ya mkanda na mwili isiyoonekana kwa macho. Mfunge mtoto kwanza, kisha mfunike koti kwa mbele.

Lini aache busta? Wataalamu wengi hutaja urefu wa sentimita 145, ambao watoto wengi huufikia kati ya miaka 10 na 12. Sheria za nchi hazilingani: Uingereza huishia sentimita 135 au miaka 12, Ujerumani sentimita 150 au miaka 12. Kwa hiyo chora alama kwenye fremu ya mlango nyumbani, ila uamuzi wa mwisho ufanyike ndani ya gari. Bila busta, aegemee kabisa, magoti yakunjike ukingoni mwa kiti, nyayo ziguse sakafu, mkanda wa kiuno uwe juu ya mapaja, wa bega katikati ya mtulinga. Kisha mpeleke mwendo wa nusu saa na umtazame tena. Kukaa hivyo kwa dakika moja ni rahisi. Akiwa ameteleza, muda wake bado.

Jaribio hilo lirudiwe kwa kila gari analopanda. Mtoto anayetosha kwenye gari dogo la baba anaweza asitoshe kwenye gari la mjomba lenye viti virefu zaidi. Siku busta haipo, mweke nyuma, mfunge mkanda kamili ukiwa chini mapajani, na msogeze kidogo kuelekea upande wa kifungio. Mkanda wa bega utahama shingoni na kulala kwenye mtulinga. Na busta ikiwa tupu garini, ifunge mkanda wake nayo, kwa sababu breki ikikanyagwa kwa nguvu itaruka na kumfikia aliyekaa mbele.