Ukuaji usiolingana: akili imefika, mengine bado yako njiani

Pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, asubuhi ya soko haina subira. Magunia ya dagaa yanashushwa, wabebaji wanapiga kelele wapishwe, na kila mwenye pesa anataka ahudumiwe kwanza. Siku moja mzee mmoja, mteja wa dada yangu wa miaka mingi, alipimiwa visado 37 kwa shilingi 4,500 kila kimoja. Akapiga hesabu kwa sauti, akatoa shilingi 156,500. Binti wa dada yangu, wakati huo ana miaka 14, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasoma. Hata uso hakuinua. "Umekosea. Ni laki moja sitini na sita na mia tano."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Ila hakuwa amemwamkia, hakumwita baba wala babu, na alisema mbele ya watu. Mzee akaongeza elfu kumi kimyakimya, na wiki kadhaa hatukumwona tena. Dada alimgombeza binti njia nzima mpaka nyumbani Igogo: huna adabu, unajisikia, ujuaji umekuzidi. Usiku binti akaja kunikalia jikoni. "Mama mdogo, nilikosea wapi? Si ndiyo ilikuwa hesabu yenyewe?" Hakuwa anabisha. Alikuwa anauliza kwa sababu hajui.

Hali ile ina jina: ukuaji usiolingana. Maana yake ni kwamba sehemu mbalimbali za mtoto mmoja, yaani akili, mwili, hisia na uwezo wa kuishi na watu, zinakua kwa mwendo tofauti, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko ile ya kawaida. Kila mtoto ana kidogo ya hali hii. Kwa mwenye kipawa kikubwa pengo huwa pana zaidi, kwa sababu akili imekimbia mbele na mengine yanakwenda mwendo wa rika lake, wakati mwingine hata nyuma ya rika. Waliozoea ziwa wataelewa haraka: mpiga kasia mmoja ana nguvu za watu watatu, mwenzake wa upande wa pili ndiyo kwanza anajifunza kushika kasia. Mtumbwi hauna tatizo wala kasia halijavunjika, lakini chombo kinazunguka palepale, na walio ufukweni wanadhani aliyemo amelewa.

Kwa hiyo ukiuliza yule binti ana miaka mingapi, jibu si moja. Kwenye hesabu alikuwa mtu mzima. Mwili ulikuwa wa miaka 14. Kwenye kusoma uso wa mtu aliyeudhika, ningempa miaka minane.

Wazo la kutenganisha umri wa kuzaliwa na umri wa akili lina zaidi ya miaka mia. Wafaransa Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo chao mwaka 1905, kikiwa na lengo la kuwatambua watoto wanaohitaji msaada darasani, na katika toleo la 1908 wakaanza kulinganisha majibu ya mtoto na yale yanayotarajiwa katika umri fulani. Lakini aliyeona machungu yaliyomo ndani ya pengo lenyewe ni mwanasaikolojia wa Marekani, Leta Hollingworth, aliyefariki mwaka 1939. Aliwafuatilia kwa miaka mingi watoto wa New York wenye akili ya juu mno, na akaeleza kwamba kuwa na akili ya mtu mzima na hisia za mtoto ndani ya mwili wa kitoto ni kazi ngumu. Mwaka 1991 wazazi na wataalamu waliokutana Columbus, Ohio, wakaenda mbali zaidi: wakasema kutolingana huko ndiko kipawa chenyewe kinavyoonekana kutoka ndani, na kwamba kadiri akili inavyokuwa juu ndivyo pengo linavyopanuka. Maneno yao nayapenda kwa sababu yanahamisha macho yetu kutoka kwenye alama za mtihani na kuyarudisha kwa mtoto.

Hapa niweke angalizo. Si kila mwenye kipawa ni mgumu wa kuongea na watu. Lewis Terman, aliyeanza mwaka 1921 kuwafuatilia watoto zaidi ya 1,500 wa California waliofanya vizuri sana kwenye vipimo, alikuta wengi wao wana afya na wanaelewana na wenzao vizuri tu. Wala si kila binti mgumu wa kuongea ana kipawa kilichofichika. Wengine ni aibu tu. Wengine wana usonji, ambao kwa wasichana mara nyingi huchelewa kutambuliwa, na mtu anaweza kuwa nao pamoja na kipawa. Hilo ni la kumpeleka kwa mtaalamu, lisiamuliwe na majirani.

Kinachoniuma ni majina tunayowapa. Kwa Kiswahili chetu kipawa ni kitu ulichopawa; hujakiiba. Shuleni mwenye akili anaitwa kichwa, anaitwa kipanga, na majina hayo yana heshima ndani yake. Lakini angalia yanavyogeuka yakimfikia msichana akiwa nyumbani. Kaka yake asiposalimia, watu husema ana mawazo mengi yule, mwacheni. Yeye asiposalimia, ana nyodo. Kwetu Usukumani binti hupimwa kwa salamu kabla ya kupimwa kwa kitu kingine chochote: anavyoinama, anavyosema mwangaluka asubuhi na mwadila jioni, anavyosubiri aitikiwe na aulizwe habari za nyumbani. Binti ambaye kichwa chake kimeshafika mwisho wa mazungumzo kabla hujamaliza kumuuliza habari ataonekana anakudharau, kumbe hata hajui kwamba kuna kitu amekiruka.

Balehe ndiyo inayokoroga zaidi. Homoni zinakuja na hisia nzito, wakati ile sehemu ya mbele ya ubongo inayotuliza, inayopima neno kabla halijatoka, huendelea kukomaa hadi mtu anapita miaka 20. Hilo ni la vijana wote. Mwenye akili iliyotangulia anapata nyongeza: anaelewa kila kinachompata, na kuelewa hakumsaidii. Mpwa wangu huyu alishasoma kuhusu hedhi mapema, akawaeleza wasichana wenzake darasani kwa mpangilio mzuri kuliko mwalimu. Siku yake ilipofika alijifungia chumbani kwa bibi yake, akalia, akakaa siku mbili haongei. Bibi alishangaa: "Si ndiye aliyekuwa anawafundisha wenzake?" Ndiye. Aliyefundisha ni akili. Aliyelia ni moyo, na moyo ulikuwa bado mdogo.

Halafu kuna upweke, ambao hauonekani kwa sababu mtoto yuko katikati ya watu. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi gizani, taa zao zikiwavuta samaki juu. Mbalamwezi ikikomaa taa hazivuti vizuri, mitumbwi inapumzika. Kila mtu Kirumba analijua hilo. Yeye alikuwa na daftari, akiandika kila usiku mitumbwi iliyotoka na isiyotoka, mpaka akaona mwenyewe kwamba mzunguko unarudi mara baada ya siku 29, mara 30, na kwamba ukweli uko katikati. Jioni moja aliwaeleza mabinti wa rika lake waliokuwa wamekaa kwenye jiwe nje ya nyumba wakisukana. Nilikuwa napepeta mchele, nikimtazama. Wa kwanza aliondoka anakwenda kuchota maji. Wa pili akaitwa, au akajifanya ameitwa. Wa tatu akabaki kwa huruma, anaitikia "eeh" huku anaangalia simu. Mpwa wangu aliendelea, uso umemwangaza, mpaka akajikuta anamweleza mtu asiyesikiliza.

Watu wazima wengi hukimbilia methali: samaki mkunje angali mbichi. Wakaanza kumkunja, wakimnyang'anya vitabu ili "azoee watu". Nadhani hapo tunakunja pasipohitaji kukunjwa. Akili iliyotangulia hairudi nyuma kwa kuzuiwa. Inajificha tu, na binti anajifunza kujifanya mjinga ili apendwe. Kinachosaidia ni kufundisha kile kilichobaki nyuma, waziwazi, kama unavyofundisha somo. Wengine huokota adabu hewani. Huyu anahitaji aambiwe sababu: mzee akikosea hesabu, msubiri amalize, mwamkie, kisha mwambie "baba, naomba turudie pamoja", maana anayelinda heshima yake ni wewe. Nilipomweleza hivyo jikoni usiku ule, aliniuliza maswali kumi, kisha akasema, "Kumbe ina kanuni." Hajaacha kuitumia.

Na anahitaji japo mtu mmoja wa rika la akili yake. Ndiyo faida kubwa ninayoiona kwenye shule za vipaji maalumu kama Tabora Wasichana, Kilakala na Msalato, zaidi hata ya ufaulu: msichana aliyekuwa peke yake mtaani anaingia bwenini na kukuta wengine wanaobishania mambo yaleyale. Rika si lazima liwe la mwaka mmoja wa kuzaliwa. Fundi wa injini za boti anayependa kuulizwa anaweza kuwa rika.

Wa kwake alimpata shule ya bweni, binti wa Ukerewe, mtoto wa mvuvi. Likizo ya Desemba iliyopita, sasa ana miaka 17, nilimsikia nje anapaza sauti kwenye simu nikadhani kuna ugomvi. Rafiki yake naye alikuwa ameanza daftari upande wa kisiwani, na kulikuwa na usiku mmoja ambao hawakukubaliana: mitumbwi ya huku haikutoka, ya kule ilitoka. Mmoja anasema ni mawingu yaliyoziba mwezi, mwingine anasema hapana, ni upepo. Wakabishana mpaka vocha ikaisha. Akaingia ndani anacheka peke yake, akaniomba mia tano ya kumpigia tena.