Klavie haina lugha

"Niwekee klavie ya Kifaransa," yaani kibodi. Ombi hilo nimelisikia tena juma hili hapa Katuba, Lubumbashi, kutoka kwa kijana aliyenunua kompyuta iliyotumika Ubelgiji. Anachotaka ni ramani ya vitufe, yaani faili inayoiambia Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yake, kila kitufe kitoe herufi gani. Lugha haimo.

Kitufe hakitumi herufi, kinatuma namba. Kile kilicho kando ya Tab hufika kwenye kerneli, kiini cha Linux, kama 16. Ramani ndiyo inayoamua kama 16 ni q au a.

Neno klavie tulilipata kwa Wafaransa, nao wakalitoa kwenye Kilatini clavis, ufunguo. AZERTY nayo, jina la mpangilio wa vitufe, ni herufi sita tu za safu ya juu, zikisomwa kutoka kushoto. Kama ingekuwa ni lugha, wasemaji wa Kifaransa wangekuwa na mpangilio mmoja. Lakini Ufaransa wanatumia AZERTY yao, Ubelgiji AZERTY yenye alama zilizokaa kwingine, Uswisi QWERTZ, na Québec QWERTY. Wabelgiji wanaosema Kiholanzi wanachapa kwa AZERTY ileile ya wenzao, ilhali Waholanzi, ng'ambo tu ya mpaka, wako kwenye QWERTY. Na Kiswahili chetu kinaandikika kwa yoyote kati ya hizo.

Kosa hili la kuchanganya ramani na lugha lina gharama. Kijana wetu alibadilisha lugha ya mfumo ikawa Kifaransa, akafika kwenye konsoli, ile skrini nyeusi, na neno la siri likakataliwa. Ramani ilikuwa bado ya Marekani: ukigonga azima kwa kufuata herufi zilizochapwa kwenye vitufe vya AZERTY, Linux inapokea qwi;q, na neno la siri halionekani ukaligundua. Alikuwa karibu kufuta kila kitu.

Dawa yake ni amri loadkeys be-latin1, inayopakia ramani ya Ubelgiji, ukiwa na mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mfumo. Ukitaka ramani ya kwako, amri showkey itakuonyesha namba ya kitufe; andika faili yenye mstari keycode 58 = Escape, uipe loadkeys, na Caps Lock inakuwa Escape, vitufe vingine visiguswe. Ukiwasha upya inapotea, isipokuwa umeiandika kwenye mipangilio: kwenye Fedora na Arch, matoleo ya Linux, ni faili /etc/vconsole.conf, mstari wa KEYMAP.

Basi ndugu yangu, siku nyingine uniombe hivi: "Niwekee ramani ya AZERTY ya Ubelgiji." Lugha ya mfumo tutaichagua baadaye, hata ikiwa Kiswahili.