Kilo 2.1: je, mama hakula?

Mtoto wangu kazaliwa wiki iliyopita na kilo 2.1. Mama mkwe anasema ni kwa sababu nilikuwa nachagua chakula. Ni kweli?

Hongera kwanza. Chakula kina sehemu yake, lakini kukulaumu kabla ya kuangalia kadi yako ya kliniki si haki. Chini ya kilo 2.5 ni uzito pungufu, na cha kwanza kuuliza ni wiki. Akizaliwa kabla ya wiki 37 huyo ni njiti, muda wa kunenepa hakuupata. Akiwa ametimiza wiki zake na bado ni mdogo, mara nyingi kuna kilichombana tumboni: presha, upungufu wa damu, kubanana na pacha wake, mimba zilizofuatana mno, sigara, pombe. Au malaria.

Malaria? Sikuumwa hata siku moja.

Hapo ndipo penye hatari. Vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, njia ya chakula na hewa ya mtoto. Mama anapika, anakwenda sokoni, hana homa. Hata kipimo cha damu ya kidoleni kinaweza kusema hana kitu, na huku mtoto anapunjwa. Ndiyo maana kliniki unapewa vidonge vitatu vya SP, dawa ya kukinga malaria, uvimeze pale pale mbele ya muuguzi: kuanzia wiki ya 13, dozi zikipishana mwezi, zisipungue tatu. (Anayetumia Septrin kwa ajili ya VVU hapewi SP.) Naumia sana nikikuta vidonge vile vimefungwa kwenye pindo la kanga.

Nilijifungua kwa upasuaji. Huenda ndiyo sababu?

Kisu hakipunguzi uzito. Ila upasuaji au uchungu wa kuanzishwa mapema bila sababu ya kitabibu humnyima mtoto wiki za mwisho, zile anazonenepa zaidi. Kitovu nacho kikisubiri dakika 1 hadi 3 kabla ya kukatwa, damu huendelea kumwingia, na mzani huongezeka takriban gramu 100.

Sasa nimfanyie nini?

Mvue, abaki na nepi, kofia na soksi, umlaze wima kifuani katikati ya matiti, shingo isipinde, kisha mfunge kwa kanga. Akae hapo saa nyingi kadiri uwezavyo, usiku na mchana, angalau saa 8. Mnyonyeshe kila baada ya saa 2 au 3, hata kama ni kumwamsha. Akikataa titi au miguu ikawa ya baridi, hospitali mara moja. Ukienda kuoga, mpe mama mkwe ambebe vivyo hivyo, ngozi kwa ngozi.