Irudishe Hiyo Barua Mfukoni: Waliofanikiwa Hawakujitosa Unavyoambiwa

Mwezi uliopita kijana mmoja alipanda ngazi hadi ofisini kwangu Ngara, Nairobi, akaketi, akatoa bahasha kwenye mfuko wa shati na kuilaza mezani mbele yangu. Ndani mlikuwa na barua ya kuacha kazi, imekunjwa mara nne, imeandikwa kwa kalamu ya buluu. Yeye ni fundi wa umeme katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda, huu mwaka wake wa saba. Anataka kuuza viatu vya mitumba katika soko la Gikomba.

"Mama, nimeamua," akasema. "Wote waliofanikiwa waliacha kila kitu wakajitosa. Ukiwa mguu mmoja kazini na mwingine kwa biashara, hufiki popote."

Alikuwa wa nne tangu mwaka uanze. Maneno ni yale yale, hata mpangilio wake, kwa sababu yanatoka mahali pamoja: video fupi za kwenye simu, ambamo msimulizi anachukua maisha ya mkimbiaji au tajiri fulani, anaruka miaka kumi kwa pumzi moja, kisha anakuhimiza uache kazi kesho asubuhi. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa kuwashauri wafanyabiashara wadogo, na nimeiona dhana hii ikifilisi watu wengi kuliko moto wa Gikomba na kanjo, askari wa jiji, wakiwekwa pamoja. Imenichosha. Leo naieleza yote.

Tuanze na viatu, maana kijana mwenyewe alinitajia Phil Knight, mwanzilishi wa Nike, aliyeuza viatu kwenye buti la gari. Hilo ni kweli kabisa. Knight alikuwa mkimbiaji chuoni, na mwaka 1964 yeye na aliyekuwa kocha wake, Bill Bowerman, walitoa dola 500 kila mmoja wakaanza kuagiza viatu kutoka Japani. Kampuni iliitwa Blue Ribbon Sports. Ambalo video haikusema ni kwamba Knight alikuwa mhasibu, na aliendelea kuwa mhasibu. Baadaye akafundisha uhasibu katika chuo kikuu cha Portland State. Kazi ya mshahara aliiacha mwaka 1969, biashara ikiwa tayari inaweza kumlisha. Jina la Nike lenyewe lilikuja 1971. Piga hesabu hapo: miaka mitano ya kulipwa na mwajiri mchana na kuuza viatu muda uliobaki. Miaka hiyo mitano ndiyo msimulizi aliyoikata, na ndiyo somo lenyewe.

Ukiniambia hayo ni mambo ya Marekani, basi turudi nyumbani. Catherine Ndereba, bingwa wa dunia wa marathoni mara mbili, alikuwa afisa wa Magereza. Paul Tergat, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2003 kwa saa 2:04:55, alikuwa mwanajeshi wa Jeshi la Wanahewa. Julius Yego, mrusha mkuki, ni polisi. David Rudisha, mfalme wa mita 800, polisi. Kipchoge Keino aliposhinda dhahabu ya mita 1,500 kule Mexico mwaka 1968 alikuwa polisi vilevile. Vikosi vyetu vimelea wanariadha kwa zaidi ya nusu karne, na sababu haina fumbo: mshahara wa mwisho wa mwezi hufika hata msuli ukikatika, hata mbio za msimu mzima zikienda vibaya. Mtu mwenye unga nyumbani anaweza kujiuguza miezi minne arudi uwanjani. Asiye nao hukimbia na jeraha, likawa la kudumu.

Sijamsikia hata msimulizi mmoja akilitaja hilo. Eti halisisimui.

Sasa Eliud Kipchoge, ambaye jina lake hutajwa ofisini kwangu kuliko la mwanasiasa yeyote. Watu huniambia "alihama uwanjani akajitosa barabarani". Hebu tufuate miaka. Mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 18, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000. Akapata shaba ya Olimpiki 2004 na fedha 2008. Mwaka 2012 akakosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Je, wiki iliyofuata alikimbia marathoni? La. Septemba mwaka huo alijaribu nusu marathoni kule Lille, Ufaransa, akamaliza kwa dakika 59:25. Alionja nusu kwanza. Aprili 2013 ndipo alipokimbia marathoni yake ya kwanza, Hamburg, akashinda kwa 2:05:30. Na wakati huo wote kocha wake alikuwa yule yule, Patrick Sang, mshindi wa fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona 1992, na kambi yake ilikuwa ile ile ya Kaptagat. Alibadilisha kitu kimoja, umbali. Mteja wangu anataka kubadilisha kazi, biashara, mahali na chanzo cha chakula cha watoto, vyote kwa barua moja.

Nakiri wapo walioacha kazi kweli. Jeff Bezos aliacha kazi nono New York mwaka 1994 akaanzisha Amazon. Lakini mwaka uliofuata wazazi wake walitia katika kampuni ile takriban dola 245,000. Kabla hujamuiga, mpigie mzee simu kijijini umuulize kama anazo.

James Mwangi wa benki ya Equity naye huponzwa na wasimulizi. Nasikia kila mara kwamba aliianzisha benki ile kutoka kwa umaskini wa Murang'a. Umaskini alikulia, ni kweli. Lakini Equity ilianzishwa mwaka 1984 na Peter Munga na wenzake, ikiwa shirika la kukopesha watu pesa za nyumba. Mwangi aliingia 1993, shirika likiwa limezama kwenye hasara, naye akiwa mhasibu aliyesomea Chuo Kikuu cha Nairobi na kufanya kazi ya fedha katika benki. Kilichougua pale ni hesabu, na aliyeitwa ni mtu wa hesabu. Benki kamili ilikuwa mwaka 2004. Kwa hiyo aliyehama alihama na ujuzi wake mkononi, akaenda mahali ujuzi huo ulipohitajika, kisha akangoja miaka kumi na mmoja. Fundi wangu wa umeme, akitaka kumfuata Mwangi hasa, angefungua duka la nyaya na swichi.

Nilimwambia hivyo. Kisha nikamwomba karatasi ya mshahara.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa mazito. Kodi ya nyumba shilingi 12,000. Karo ya watoto wawili. Na mstari mmoja ambao hakuwa ameufikiria: mkopo wa sacco, chama cha akiba na mikopo, shilingi 6,500 zinazokatwa kila mwezi kabla mshahara haujamfikia. Nikamuuliza wadhamini wake ni nani. Akataja watatu, wote wafanyakazi wenzake wa zamu moja. Nikamuuliza: ukiacha kazi makato yakakoma, sacco itamkata nani? Akanyamaza. Alitazama ile bahasha muda mrefu, akaigeuza juu chini, kama anayesoma anwani ambayo haipo. Mmoja wa wadhamini wale ndiye aliyesimamia harusi yake.

Naomba kila anayesoma hapa na ana mkopo wa sacco afanye hesabu hiyo leo. Kujitosa unakosifiwa kwenye video hakukutosi peke yako. Unawavuta ndani watu waliotia saini kwa kukuamini, na undugu ukivunjika hapo hakuna mtaji wa kuurudisha.

Kuna jambo jingine linaloifanya dhana hii ing'ae: walioshindwa hawahojiwi. Olimpiki huruhusu nchi kupeleka wakimbiaji watatu tu kwa kila mbio. Wa nne katika mchujo wa Kenya, ambaye angevaa jezi ya nchi nyingine akafika fainali, hurudi nyumbani na hakuna anayemwekea kamera. Alifanya mazoezi yale yale, aliamka saa ile ile. Kwenye biashara ni vivyo hivyo. Takwimu za taifa za mwaka 2016 zilionyesha biashara ndogo ndogo milioni 2.2 zilizofungwa ndani ya miaka mitano. Wenye biashara hizo pia walijitosa. Pia walijiamini. Ukitaka somo la kweli kuhusu viatu Gikomba, mtafute aliyefunga kibanda, mnunulie chai, umuulize alikosea wapi. Atakufundisha mengi kuliko bilionea.

Hadithi nyingine za video hizo nitazipitia upesi.

Husemwa Yego alijifunza kurusha mkuki kwenye YouTube peke yake. Alianzia huko, na nampa heshima zote, maana alikuwa akilipia muda wa kompyuta kutazama mabingwa wakirusha. Lakini baada ya kushinda Michezo ya Afrika Maputo mwaka 2011 alipata ufadhili wa kwenda Ufini, akafunzwa na kocha Petteri Piironen. Ule mrusho wa mita 92.72 uliompa ubingwa wa dunia Beijing 2015 ulikuja baada ya kocha. Video zilimfungulia mlango, kocha akamfundisha kutembea ndani. Mama mboga aliyejifunza kuweka hesabu kwa simu bado anahitaji mtu wa kumkagua.

"Bill Gates aliacha chuo, kwa hivyo shule haina maana." Gates aliacha Harvard, na Harvard huachwa na aliyeingia. Alianza kutumia kompyuta mwaka 1968 katika shule ya kulipiwa kule Seattle, wakati ambapo vyuo vikuu vingi havikuwa nayo, na baba yake alikuwa wakili. Mzazi anayeniambia mwanawe aache kidato cha tatu afuate nyayo za Gates namsihi kwa machozi asifanye hivyo.

"Michael Jordan alifukuzwa kwenye timu ya shule." Hakufukuzwa. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika shule ya Laney, aliwekwa timu ya wadogo, kama walivyowekwa wengi wa rika lake. Alicheza huko msimu mzima. Hadithi ya kufukuzwa ni tamu, ila inawaficha watoto jambo zuri zaidi, kwamba kucheza timu ndogo ni njia.

Kuhusu kuamka saa kumi alfajiri: wanariadha wa Iten na Kaptagat huamka mapema, halafu hulala tena mchana. Mteja wangu anayeamka saa kumi na kufunga duka saa nne usiku anaiga nusu ya zoezi, na nusu hiyo ndiyo inayomwangusha.

Na wale wanaosema "nitafika peke yangu, sihitaji mtu": Kipchoge alipokimbia kwa saa 1:59:40 kule Vienna, Oktoba 2019, alizungukwa na wakimbiaji 41 wa kuweka kasi waliopokezana. Waliowahi kushinda medali za Olimpiki walikubali siku hiyo kumkinga upepo tu.

Ushauri wangu kwa anayetaka kuacha kazi ni ule ule, na wateja wangu wa zamani wanaujua kama sala. Nunua daftari. Fanya biashara yako Jumamosi na Jumapili, au jioni. Andika kila shilingi iliyoingia na kila shilingi iliyotoka, nauli na chai zikiwemo. Siku daftari litakapoonyesha kwamba faida imelipa kodi, karo na mkopo kwa miezi sita mfululizo, bila kuguswa mshahara na bila mkopo wa simu, njoo tuandike barua pamoja. Nitaipeleka posta mwenyewe. Kipchoge huandika kila zoezi kwenye daftari, kilomita na muda wake, mwaka baada ya mwaka. Kama mtu aliyekimbia marathoni kwa saa 2:01:09 hajiamini kukumbuka kwa kichwa, wewe unakumbuka vipi faida ya Februari?

Fundi wa umeme hakufurahi. Alisema nimemvunja moyo, na nilimwelewa. Lakini bahasha aliiacha mezani, na akachukua daftari la kurasa 96 nililompa. Binamu yake ana kibanda Gikomba, wakakubaliana awe anakaa pembeni kila Jumamosi kwa shilingi 300 za nafasi.

Jumamosi ya kwanza alibeba jozi ishirini. Jumatatu akanitumia picha ya ukurasa. Jozi kumi na nne zimeuzwa, jozi mbili zina soli iliyoachana na itabidi zishonwe, na wateja watatu wameulizia saizi kubwa ambazo hakuwa nazo. Faida, baada ya nafasi, nauli na chakula, shilingi 1,350. Chini yake ameandika kwa ile kalamu ya buluu: "Wiki ijayo, namba 44 na 45."