Kubadilisha betri ya ufunguo si kuprogramu

Wiki hii nimelisikia neno "programu" mara tatu. Jumatatu, kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, kijana mmoja alikuwa anamweleza mwenzake kwamba rimoti ya gari lake "imejifuta programu". Jumatano akaja mteja kibandani kwangu Nyakato, hapa Mwanza, hata salamu hajamaliza, ananiuliza naprogramu funguo kwa shilingi ngapi. Nikaufungua ufunguo wake: betri imeisha, hakuna kingine. Halafu jana usiku Mwalimu, jirani yetu wa Nyegezi, akanitumia ujumbe wa furaha: "Fundi, nimeprogramu funguo yangu mwenyewe, hapa hapa mezani!"

Kuprogramu ufunguo wa gari ni kuiandikia kompyuta ya gari namba ya siri ya ufunguo huo ili gari liutambue. Kubadilisha betri ni kutoa betri iliyoisha na kuweka nzima. Kazi ya kwanza inahitaji mashine, au angalau utaratibu maalumu wa gari husika. Ya pili inahitaji bisibisi bapa na dakika tano.

Neno lenyewe limetoka mbali. Wagiriki walikuwa na kitenzi chenye maana ya kuandika mbele ya watu, hadharani. "Programma" likawa tangazo la wazi, lililoandikwa ili kila mtu alisome. Likapita kwenye Kilatini na Kifaransa, likaingia Kiingereza, na kwetu likafika likiwa na sura kadhaa: programu ya redio, programu ya harusi, programu ya simu. Ukizitazama zote utakuta kitu kimoja ndani yake, nacho ni maandishi. Kuna kitu kimeandikwa mahali ili kifuatwe baadaye. Kwa hiyo mtu akisema programu imefutika, swali la haki ni hili: iliandikwa wapi, na nani kaifuta?

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani maandishi yako kwenye betri, au yanashikiliwa na betri, kwamba ukiichomoa yanamwagika kama maji. Sivyo. Namba ya ufunguo imeandikwa kwenye chipu iliyo ndani ya ufunguo, na orodha ya funguo zinazokubaliwa imeandikwa kwenye kompyuta ya gari. Kumbukumbu zote mbili ni za aina inayotunza maandishi bila umeme. Ufunguo unaweza kulala droo mwaka mzima bila betri, na ukiweka betri mpya, gari linaupokea kama liliachana nao asubuhi.

Nadhani neno lingekuwa "kusajili" tusingesumbuka hivi. Laini ya simu tumeisajili kwa alama za vidole, kila mtu anajua maana yake: jina lako limeingia kwenye orodha ya kampuni. Simu ikiisha chaji, hakuna anayekimbilia kwa wakala kusajili laini upya. Anatafuta chaja. Na gari ni hivyo hivyo. Hata ile kazi yenyewe tunayoiita kuprogramu ufunguo, kwenye magari mengi anayefundishwa ni gari. Ufunguo unakuja na namba yake, gari ndilo linaandikiwa kwamba huyu naye ni wa nyumbani.

Sasa, kuna jambo la pili ambalo ndilo hasa linaniumiza, kwa sababu limewagharimu watu fedha. Ufunguo mmoja wa gari la kisasa kwa kawaida ni vitu vitatu ndani ya ganda moja. Kuna chuma, kinachozungusha swichi au kufungua kitasa. Kuna rimoti, ile bodi yenye vitufe inayorusha mawimbi ya redio, karibu na megahezi 315 kwa magari mengi ya Japani na 433 kwa ya Ulaya. Na kuna chipu ya immobilaiza, inayoliambia gari likubali kuwaka. Betri ni ya rimoti. Kwenye ufunguo wa kuchomeka, chipu haitumii betri kabisa. Kuna koili ya waya imezunguka mahali unapochomeka ufunguo; ukiuzungusha, koili ile inaipa chipu umeme kidogo kwa njia ya sumaku, chipu inaamka, inataja namba yake, inalala tena.

Ndiyo maana betri ikiisha, milango inakataa kwa kitufe lakini gari linawaka. Ukiona hivyo, hakuna programu iliyopotea. Umepata jibu kabla hujamwona fundi. Na magari mengi ya zamani kutoka Japani yaliyojaa barabara zetu hayana hata hiyo immobilaiza, kwa hiyo anayekwambia chipu ya gari lako imekufa, mwombe kwanza akuonyeshe hiyo chipu.

Imani kwamba betri inafuta programu haikuzuka bure, lakini. Naijua ilikotoka. Kwenye funguo nyingi chipu haikugandishwa kwenye bodi. Ni kipande cheusi, kidogo kama mbegu ya tikiti, kimekaa kwenye kijishimo chake pembeni mwa ganda. Mtu anafungua ufunguo abadilishe betri, kipande kinadondoka, anakifagia na vumbi la meza. Au ananunua ganda jipya pale Makoroboi kwa sababu la zamani limepasuka, anahamisha chuma, anahamisha bodi na betri, ganda la zamani anatupa na chipu ikiwa ndani. Asubuhi stata inazunguka, gari haliwaki, taa yenye alama ya ufunguo inapepesa kwenye dashibodi. "Tangu nibadilishe betri." Kweli ni tangu abadilishe betri, lakini betri haina kosa. Chipu iko jalalani. Nimeshawahi kumrudisha mama mmoja nyumbani Igoma akachambue taka za siku mbili, akaja nayo imefungwa kwenye leso. Gari likawaka pale pale.

Kwa hiyo ukifungua, fungua juu ya kitambaa cheupe. Ganda nyingi zina mwanya mdogo pembeni. Ingiza bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa, ipindue taratibu kama unayefungua chaza, usiikandamize ndani. Kabla hujagusa kitu, piga picha kwa simu. Tazama upande wenye alama ya kujumlisha ulikokaa, juu au chini, kwa sababu ukigeuza betri rimoti itabaki kimya na utaanza kusema programu. Futa vile vijiulimi vya chuma vinavyogusa betri kwa kitambaa kikavu. Ziwa letu halina chumvi, lakini unyevu wake unatosha kuvipiga ukungu wa kijani, hasa kwa wenzetu wa soko la samaki la Mwaloni wanaoshinda na funguo kwenye mifuko iliyolowa.

Kuhusu namba za betri watu wanabahatisha mno, na hazihitaji kubahatishwa. CR2032 ni maelezo kamili: C ni aina ya kemikali, lithiamu na dayoksaidi ya manganizi; R ni duara; 20 ni upana wake kwa milimita; 32 ni unene, milimita 3.2. CR2016 ina upana ule ule ila unene ni 1.6. Zote ni volti 3. Muuza duka akikwambia "hizi ni sawa tu", si sawa: 2016 kwenye nyumba ya 2032 itacheza, itagusa leo na kesho isiguse. Na usikubali zile mbili nyembamba zipangwe moja juu ya nyingine zijaze nafasi. Unene utatimia, ila umepeleka volti 6 kwenye bodi iliyotengenezwa kwa 3. Hapo unaweza kuua rimoti kweli, na hapo ndipo utahitaji kununua nyingine na kuiprogramu. Soma namba iliyochongwa kwenye betri ya zamani, nunua namba hiyo hiyo. Bei yake haifiki sahani ya ugali na sato.

Ile ya zamani usiiache mezani. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaanza kuchoma nyama ndani ya saa mbili, hata kama haina nguvu tena ya kuendesha rimoti. Mkimbize hospitali ya Bugando papo hapo, usingoje aanze kulia.

Magari ya kubonyeza kitufe yanatisha zaidi kwa sababu ufunguo hauna pa kuchomeka. Betri ikiisha, gari linasema halioni ufunguo, na mtu anakubali haraka kwamba umefutika. Lakini ndani ya kile kidude kuna ufunguo wa chuma umefichwa. Uvute, fungua mlango. Kisha kanyaga breki, ukiguse kitufe cha kuwashia kwa kidude chenyewe, bonyeza. Kwenye Toyota na nyinginezo nyingi gari litawaka, kwa sababu chipu ikisogezwa karibu kiasi hicho inapata umeme wake kutoka kwenye gari. Utafika mjini ukanunue betri.

Yapo magari machache, hasa ya Ulaya ya miaka ya nyuma, ambayo baada ya betri kutolewa rimoti na gari vinapishana hesabu. Kila ukibonyeza, rimoti hurusha namba mpya, na gari huhesabu pamoja nayo ili mwizi asinase ya jana akaitumia leo. Hesabu zikipishana sana, unachomeka ufunguo, unauzungusha bila kuwasha, unashikilia kitufe cha kufunga sekunde chache. Hiyo ni kuoanisha. Hakuna mashine, hakuna namba iliyoandikwa upya.

Mwalimu nilimjibu asubuhi. Nilimpongeza kwanza, maana mara ya mwisho rimoti ilipokataa alilipia "programu" kwa fundi ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, aliingia nyuma ya pazia na kutoka baada ya dakika tatu bila hata kuomba gari. Hakuna anayemwandikia gari ufunguo huku gari liko Nyegezi.

"Lakini, Mwalimu," nikamwandikia, "hukuprogramu. Umebadilisha betri. Programu ilikuwepo muda wote."

Akakaa kimya kidogo, kisha akajibu: "Basi na ile ya mwaka jana ilikuwa betri?"

"Ndiyo, Mwalimu. Na ni ufunguo mmoja, funguo ni nyingi."