Mpaka ukinuna, vitunguu vinapita wapi?

Nikienda Moshi kuongea na wafanyabiashara wadogo kuna swali huwa halikosi, na mara ya mwisho aliuliza mama mmoja aliyekaa nyuma kabisa: mwalimu, hawa Wakenya si tunazozana nao kila siku, sasa huo ushoroba mnaotuimbia wa nini? Swali zuri kweli, na jibu lake refu kidogo.

Kwanza ushoroba sio lami. Lami tunayo, Arusha mpaka Namanga ipo, Himo mpaka Holili ipo na ng'ambo inaendelea mpaka Voi, lakini lori linaweza kuteleza kwenye lami nzuri halafu likalala mpakani na nyanya zikaozea humo kisa karatasi moja. Ushoroba ni barabara pamoja na makaratasi yanayokubalika pande zote mbili, na hayo makaratasi ndo kazi ngumu.

Watu wa Moshi historia hii iko mlangoni kwenu. Mjerumani alileta reli kutoka Tanga ikafika Moshi 1911, kisha vita kuu ya kwanza ikaja, Mwingereza akavuta reli yake kutoka Voi kupitia Taveta mpaka Kahe ili asafirishe askari wa kuja kumpiga huyo huyo Mjerumani. Yaani reli ya vita kabisa, halafu vita ilipoisha ikawa njia ya mizigo kwenda Mombasa, hakuna aliyeuliza ilijengwa kwa upendo au kwa chuki.

Sasa njoo 1977. Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki imekufa, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, wao tunawaita manyang'au na wao wana majina yao ya kutuita, ikakaa hivyo mpaka 1983. Unadhani biashara ilisimama? Waulizeni wazee wa Rombo na Tarakea. Ilihamia porini usiku, njia za panya, na aliyeumia ni mwenye mzigo mdogo kwa sababu huko porini hakuna risiti wala wa kumlalamikia. Mwaka 1984 ndo wakakaa hapa hapa Arusha wakasaini kugawana mali za jumuiya, na 30 Novemba 1999 hapa hapa tena wakasaini mkataba wa jumuiya mpya.

Na msidhani ugomvi uliisha. 2017 sisi tulichoma vifaranga 6,400 vilivyoingia kutoka Kenya pale Namanga, tukapiga mnada ng'ombe zaidi ya elfu moja wa wafugaji wa upande wao (mimi hili la vifaranga huwa nakwepa kulizungumza Nairobi). Machi 2021 wao wakazuia mahindi yetu na ya Uganda kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, siku chache baadaye wakalegeza kwa masharti. Kelele nyingi, ila angalia kitu kimoja: katikati ya hizo kelele kituo cha pamoja cha mpakani cha Holili na Taveta kilikuwa kimeshafunguliwa 2016, na cha Namanga kikafunguliwa Desemba 2018, mwaka mmoja tu baada ya vifaranga.

Linganisha na Ethiopia na Eritrea. Walipigana kuanzia 1998, Ethiopia ikaiacha bandari ya Assab ikahamishia mizigo Djibouti, na ndiko karibu mizigo yake yote inapita mpaka leo. Julai 2018 viongozi wakakumbatiana, Septemba mpaka ukafunguka, watu wanalia kwa furaha, lakini ushuru ni kiasi gani, pesa ya nani itumike, hakuna kilichoandikwa kikaeleweka. Miezi michache tu vituo vikaanza kufungwa kimoja kimoja.

Ndo maana mimi nasema afadhali majirani wanaogombana wakiwa na karatasi kuliko wanaokumbatiana bila karatasi. Ingawa na karatasi nayo sio dawa ya kila kitu, Rwanda na Uganda zote zimo kwenye jumuiya na bado mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019 ukaja kufunguliwa mwisho wa Januari 2022. Mkubwa akikasirika sana anafunga tu.

Haya, faida ya mtu wa kiroba. Kituo cha pamoja maana yake unasimama mara moja: ukitoka Holili unaenda moja kwa moja Taveta, unawakuta maofisa wa nchi zote mbili jengo moja. Mzigo usiozidi dola 2,000 kwa thamani, uliozalishwa ndani ya jumuiya na uliomo kwenye orodha iliyokubaliwa, una cheti cha uasili kilichorahisishwa, yaani karatasi ya kuonyesha mzigo umezalishwa wapi, ukiwa nacho hulipi ushuru wa forodha. Ila hakifuti kila kitu, mazao bado yanataka cheti cha afya ya mimea, na mahindi yapimwe sumukuvu kabla hujapakia, sio umeshafika ng'ambo ndo unaanza kuhangaika na maabara.

Yule mama wa nyuma alisikiliza yote hayo akaniuliza kitu kimoja tu, hicho cheti cha uasili kinauzwa shingapi na mpaka aende Arusha mjini? Nikamwambia hakiuzwi mama, ni pale pale mpakani, dirisha la forodha.